Homa za kupe na papasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Bukavu na vijiji vyake

Ukurasa huu ni wa watu wa Bukavu na wale wanaopanda na kushuka kila wiki kwenda Kabare, Walungu, Kalehe, Idjwi au tambarare ya Ruzizi: wachungaji, wachuuzi wa mbuzi, wachinjaji, wenye mbwa, na kila anayelala nyumba ya udongo akiwa safarini. Unahusu bakteria wanaobebwa na kupe na madhara yao kwa binadamu. Kama una homa sasa hivi, soma kwanza jibu la swali la "Nimwambie nini muuguzi?", uende kituo cha afya, na haya mengine uyasome ukirudi.

Kupe na papasi si kitu kimoja?

Ni ndugu, ila tabia zao zimeachana kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua utapata ugonjwa gani.

Kupe ana gamba gumu mgongoni, na ukimtazama kutoka juu unauona mdomo wake umechomoza mbele. Anangoja majanini. Ng'ombe akipita, au wewe ukipita, anajishika, anapanda mpaka penye ngozi laini, anatoboa na kubaki hapo siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima. Jike la aina kubwa likishiba linavimba kama punje ya mbarika.

Papasi, ambaye huku kwetu wengi wanamwita kimputu, hana gamba. Mkubwa ana urefu wa milimita 8 hadi 10, ni bapa, ana rangi ya vumbi, na ngozi yake ina makunyanzi kama kiatu cha zamani. Mdomo umefichwa chini ya tumbo, hivyo kutoka juu hujui upande upi ndio kichwa. Haishi porini. Anaishi ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta wa udongo na kwenye vumbi la sakafu karibu na unapolala. Anatoka usiku, ananyonya kwa nusu saa au pungufu, anarudi kwenye ufa wake kabla hujaamka. Asubuhi unakuta doa dogo la damu kwenye shuka na kipele, au hukuti kitu chochote. Anaweza kukaa miaka bila kula na bado akawa hai.

Kwa hiyo mgonjwa akisema "mimi sikuona kupe mwilini", maneno hayo hayaondoi homa ya papasi hata kidogo. Papasi hangojei aonekane.

Wanabeba bakteria gani wanaowadhuru watu?

Kwa eneo letu, wa kuwajua ni wa makundi matatu.

Wa kwanza ni *Borrelia duttonii*, anayeletwa na papasi aina ya *Ornithodoros moubata*. Ndiye anayesababisha homa ya papasi, inayoitwa pia homa ya kurudiarudia. Huyu ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

Wa pili ni jamii ya *Rickettsia*. *Rickettsia africae* huletwa na kupe mkubwa wa ng'ombe, *Amblyomma variegatum*, yule ambaye dume lake lina mgongo wa rangi ya machungwa uliochorwa kama kitenge na miguu yenye pete nyeupe. Ndugu yake, *Rickettsia conorii*, huambatana zaidi na kupe wa mbwa. Hawa wanaleta homa yenye kidonda cheusi.

Wa tatu ni *Coxiella burnetii*, wa homa ya Q. Kupe humbeba na kumsambaza kati ya wanyama, lakini mtu humpata zaidi kwa kuvuta hewa yenye vumbi la mahali ambapo mbuzi, kondoo au ng'ombe amezaa au ametupa mimba. Tutamrudia mbele, kwenye swali la nyama na maziwa.

Homa ya papasi inaanzaje?

Kwa kawaida ni wiki moja baada ya kuumwa, ingawa inaweza kuwa siku 4 au hata 18. Inaanza ghafla: kitapo, joto la nyuzi 39 hadi 40, kichwa, viungo, mgongo, kichefuchefu. Inadumu siku 3 hadi 5, kisha inakatika kwa jasho jingi, na mgonjwa anaamka akijiona mzima. Anarudi sokoni. Wiki hivi ikipita, homa inarudi. Bila dawa inaweza kurudi mara nyingi, kwa kawaida kila safari ikiwa fupi na nyepesi kuliko iliyotangulia.

Kinachofanya irudi kinafaa kueleweka. Bakteria huyu amevaa protini juu ya mwili wake kama mtu avaavyo shati. Mwili unalitambua lile shati, unatengeneza askari wa kuliwinda, na bakteria karibu wote wanakufa. Ndipo homa inapokatika. Lakini wachache wamekwisha kubadili shati. Askari hawawatambui, wanazaliana kimyakimya kwa siku kadhaa, na damu ikijaa tena homa inapanda. Ndiyo sababu kujisikia vizuri siku ya sita si ushahidi wa kupona.

Mara nyingine ugonjwa unagusa mishipa ya fahamu: upande mmoja wa uso unalegea, jicho halifungi, au jicho linakuwa jekundu na kuuma. Damu ya pua na macho ya manjano pia hutokea.

Ugonjwa huu ulitoka wapi kufika Kongo?

Haukuja na mtu. Tunao hapa tangu zamani. Mwaka 1904, huko Uganda, Philip Ross na Arthur Milne walionyesha kwamba papasi ndiye anayeueneza. Wakati huohuo Joseph Everett Dutton na John Todd, kutoka chuo cha tiba za tropiki cha Liverpool, walikuwa wakiuchunguza huku Kongo. Wote wawili waliugua. Dutton alifia Kasongo, Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30, na bakteria akapewa jina lake. Papasi walijaa kwenye vibanda vya kulala wapita njia kandokando ya njia za misafara, na jambo hilo halijabadilika sana: nyumba wanamolala watu wengi wanaokuja na kuondoka bado ndiyo nyumba ya kuitilia shaka.

Nimepimwa malaria kwa TDR (kipimo cha haraka), imesema hapana. Homa imerudi. Nifanye nini?

Rudi kituoni wakati joto limepanda, usingoje likatike, na uombe kipimo cha tone nene la damu, kile ambacho kwenye karatasi ya maabara huandikwa GE. TDR ya malaria inatafuta protini ya malaria pekee. Borrelia haimwoni kamwe. Tone nene linasomwa na jicho la mtu, na jicho linaweza kuona yote mawili.

Mambo matatu huharibu kipimo hiki. La kwanza ni kupima siku ambayo homa imekatika: bakteria wamepungua damuni kiasi kwamba hadubini haiwapati, na jibu la "hakuna" halina maana. La pili ni kumeza antibiotiki kabla ya kutolewa damu. La tatu ni msomaji anayetafuta malaria tu na kuacha kusoma akishaikosa. Tuwaombe mafundi wa maabara wanaosoma hapa: kwenye tone lililotiwa rangi ya Giemsa, Borrelia ni uzi mwembamba wa zambarau uliojikunjakunja kama waya wa springi, mrefu kuliko upana wa chembe nyekundu mara mbili au hata zaidi. Anafanana na uchafu wa uzi kwa asiyemzoea. Mkimwona mmoja, endeleeni kusoma kioo, mtamwona wa pili.

Na kama TDR imesema ndiyo, malaria ipo?

Tibu malaria. Ila malaria na homa ya papasi vinaweza kumkalia mtu mmoja kwa pamoja. Ukimaliza dozi kamili ya malaria sawasawa na homa ikarudi baada ya wiki, usikubali kupewa dozi ileile mara ya pili na ya tatu bila tone la damu kusomwa. Kwa maoni yetu hapa ndipo watu wengi wanapopotezea wiki zao na pesa zao.

Nimwambie nini muuguzi?

Muuguzi ana foleni ndefu, na hataweza kukisia ulikolala. Mwambie mwenyewe, kwa ufupi: "Homa ilianza siku fulani, ikakatika siku fulani, imerudi leo. Wiki mbili zilizopita nililala kwenye nyumba ya udongo, chini kwenye mkeka, mahali fulani." Au: "Nachunga ng'ombe, nilitoa kupe mwilini siku fulani, na hapa nina kidonda." Taja mimba kama ipo, hata ikiwa changa. Taja dawa zote ulizokwisha kumeza, pamoja na zile za famasi ya kando ya barabara. Onyesha kidonda hata kama kiko mahali pa aibu. Kupe anapenda kinena na makalio, na mhudumu wa afya analijua hilo.

Nina kidonda cheusi na mitoki kinenani. Ni kupe?

Inawezekana sana, hasa kama umepita malishoni siku 5 hadi 10 zilizopita. *Rickettsia africae* huacha alama yake palepale kupe alipotoboa: gamba jeusi, kavu, dogo kama ncha ya kidole cha mwisho, limezungukwa na duara jekundu. Haliumi sana. Tezi za karibu zinavimba, kichwa na misuli ya shingo vinauma, homa ya wastani. Watu wengi huwa na magamba mawili, matatu au zaidi kwa wakati mmoja, kwa sababu Amblyomma hashambulii akiwa peke yake. Wale wadogo wanapanda kwa kundi, na kupe huyu hukimbia ardhini kumfuata anayepumua, hangojei majanini tu kama wenzake.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu huua kwa nadra mno, na mara nyingi ungeisha wenyewe. Dawa inafupisha mateso. Ule wa *Rickettsia conorii* unaweza kuwa mkali zaidi kwa wazee na wenye magonjwa mengine.

Lakini kidonda cheusi si cha kupe peke yake. Kama umechuna au kugawa nyama ya mnyama aliyekufa ghafla, na kidonda kimezungukwa na uvimbe mkubwa laini, hicho kinaweza kuwa kimeta. Nenda siku hiyohiyo. Na tangu mlipuko wa mpox ulioanzia Kamituga mwaka 2023, kila kipele jimboni kinatiliwa shaka, na ni sawa kitiliwe. Vipele vya mpox huwa na maji au usaha na kitundu katikati kabla ya kukauka, na hutoka hata mahali ambapo hakuna kupe aliyeuma. Usijipime kwa macho nyumbani, onyesha.

Kupe ameshika mwilini. Namtoaje?

Kwa kibano chenye ncha nyembamba, kile cha kutolea miiba. Mshike karibu kabisa na ngozi, kwenye mdomo wake, usimshike tumboni. Tumbo ukilibana unamsukumia mtu yaliyomo ndani. Vuta moja kwa moja kwenda juu, polepole, bila kukatisha na bila kuzungusha. Ngozi itainuka kama hema dogo, na baada ya sekunde chache ataachia. Kama huna kibano, tumia uzi: funga kitanzi kati ya mwili wake na ngozi, kaza, vuta juu vilevile. Vidole vitupu viwe chaguo la mwisho, na viwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Osha kwa maji na sabuni, pangusa kwa alkoholi. Mdomo ukikatikia ndani, usichokoe kwa sindano wala wembe. Ngozi itausukuma nje yenyewe, na mchokoo ndio unaoleta usaha. Amblyomma ana mdomo mrefu, kwa hiyo hilo hutokea hata kwa mtu mwangalifu.

Usimchome kwa njiti ya kiberiti, usimpake mafuta ya taa, vazelini, tumbaku wala chumvi. Kupe aliyesumbuliwa hivyo hachomoki haraka, na akiwa katika dhiki anaweza kutema mate zaidi ndani ya kidonda. Wala usimpasue kwa kucha, ingawa mikono ya wachungaji imezoea. Mtumbukize kwenye kichupa chenye alkoholi, uandike tarehe. Ukiugua, kichupa hicho kitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Wale wadogo kabisa wana ukubwa wa mbegu ya lengalenga na miguu sita, na wanaweza kuwa ishirini kwenye kifundo kimoja cha mguu. Hao bandika utepe wa gundi, ubandue. Rudia mpaka waishe, kisha oga kwa sabuni.

Nimeze antibiotiki mara tu baada ya kumtoa?

Hapana. Wengi wanaoumwa na kupe hawaugui. Angalia mahali alipouma kwa wiki 3, na upime joto ukijisikia vibaya. Homa, kidonda cheusi au tezi zikitokea, nenda.

Kwenye intaneti utasoma kwamba kupe akikaa chini ya saa 24 hana madhara. Hesabu hiyo ilitokana na ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe wa nchi za baridi. Papasi anaambukiza ndani ya dakika chache. Kwa kupe wetu wa ng'ombe pia usiikopi kanuni hiyo. Mtoe saa uliyomwona.

Ugonjwa wa Lyme upo Bukavu?

Kupe wanaoueneza, wa jamii ya *Ixodes ricinus* na ndugu zake, ni wa Ulaya, Marekani na Asia ya baridi, si wa milima yetu. Aliyetoka kuishi Ubelgiji au Canada anaweza kurudi nao, basi aeleze safari yake. Kwa asiyesafiri, pesa ya kipimo cha Lyme ni afadhali inunue tone nene.

Zinatibiwa kwa dawa gani?

Tunataja dozi ili ujue unachopewa, si ili ujiandikie.

Kwa homa yenye kidonda cheusi, mtu mzima hupewa doksisiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa kawaida siku 7. Amoksisilini na penisilini hazifanyi kazi, kwa sababu Rickettsia anaishi ndani ya chembe za mwili ambako dawa hizo hazimdhuru. Mtu anayesema "nimemeza amoksi siku tano, kidonda kipo" hakudanganywa na mwili wake. Dawa haikuwa yake.

Kwa homa ya papasi, mtu mzima hupewa doksisiklini kwa kiwango hichohicho, siku 7 hadi 10. Mama mjamzito hupewa eritromisini, miligramu 500 mara nne kwa siku, na watoto dozi ya kilo zao. Ugonjwa ukifika kwenye ubongo au mishipa ya fahamu, ni seftriaksoni ya sindano, hospitalini.

Doksisiklini imezwe ukiwa umekaa, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa. Kidonge kikikwama kooni kinachoma umio, na maumivu yake watu huyadhania moyo. Usiimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya damu vyenye chuma, kwani vinaizuia kuingia mwilini. Tenganisha kwa saa mbili au tatu.

Baada ya dozi ya kwanza nilizidiwa. Dawa ilinidhuru?

Hapana, na tafadhali usiiache. Katika homa ya papasi, dozi ya kwanza inaua bakteria wengi kwa mara moja, na mabaki yao yanauwasha mwili: ndani ya saa chache kitapo kikali, joto kupanda zaidi, moyo kwenda mbio, presha kushuka. Kwa sababu hiyo dozi ya kwanza imezwe kituoni, na mgonjwa aangaliwe angalau saa 4, mwenye mimba na mtoto kwa ukaribu zaidi. Anayepewa vidonge saa kumi na moja jioni na kupanda mlima peke yake kurudi Kadutu au Bagira anaweza kuanguka njiani. Omba kubaki.

Mke wangu ana mimba. Hatari ni kubwa kiasi gani?

Ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na hapa hatutapunguza maneno. *Borrelia duttonii* hujaa kwenye damu ya mama mjamzito kuliko ya wengine, huvuka kondo na kumfikia mtoto. Mimba huharibika, mtoto huzaliwa kabla ya wakati, au huzaliwa na homa na kufa katika siku za kwanza. Mjamzito mwenye homa asingoje asubuhi ya pili. Na asilale chini kwenye nyumba ya wageni ya udongo, hata usiku mmoja wa matanga. Jamaa wamtafutie kitanda.

Nitajuaje kama nyumba yangu ina papasi?

Usiku wa manane washa tochi ghafla uangalie ukuta wa upande wa kichwani na chini ya mkeka. Kipimo kizuri zaidi ni cha mchana. Kwa kijiko kikubwa, kwangua vumbi la sakafu kina cha sentimita 2 au 3 kwenye kona na chini ya kitanda. Pitisha kwenye chekecheo la unga ambalo hutalirudisha jikoni, umwage kilichobaki juu ya kitambaa cheupe juani. Mwanzoni hutaona kitu, kwa sababu papasi akisumbuliwa anajifanya amekufa, anakunja miguu na kufanana na kijiwe. Usiondoke. Jua likimchoma kwa dakika chache, "kijiwe" kinaanza kutembea.

Nyumba ya mbao juu ya mawe, au yenye sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa plasta, huwapa nafasi ndogo. Nyumba ya udongo mkavu yenye vumbi ndiyo wanayoipenda. Wakimbizi wanaorudi kijijini baada ya miezi mingi wawe waangalifu zaidi: nyumba ilikuwa tupu, papasi hawakuondoka, na wana njaa. Nao husafiri ndani ya mikeka iliyokunjwa na vikapu; kung'uta mizigo nje, juani, kabla ya kuiingiza.

Nikiwapata, nawaondoaje?

Kuua waliopo bila kuziba nyufa ni kazi ya kurudia milele, maana jike hutaga mamia ya mayai katika maisha yake na baadhi ya watoto huzaliwa tayari na bakteria. Toa kila kitu nje. Fagia vumbi, ulichome. Nyunyizia dawa ya jamii ya pairethroidi kwenye nyufa, chini ya ukuta na fremu za milango, uache ikauke kabla watu hawajarudi kulala. Halafu kandika kuta upya, na ukiweza piga sakafu ya saruji, hata chumba cha kulala peke yake. Kagua na urudie dawa baada ya wiki kadhaa, kwa wale waliokuwa ndani sana.

Wakati huo lala juu ya kitanda kilichosogezwa sentimita 20 kutoka ukutani, na chandarua chenye dawa kilichochomekwa chini ya godoro. Papasi haruki wala hapai, lazima atambae. Kuku na nguruwe watoke ndani ya nyumba, kwa sababu ni chakula chake pia.

Ng'ombe wangu wana kupe wengi na wanakufa. Ugonjwa wao utanipata?

Ndigana kali, inayoua ndama wengi Kivu, haimpati mtu. Wala si bakteria, ni kimelea kingine kinacholetwa na kupe wa masikio. Maji moyo ni bakteria anayeletwa na Amblyomma, naye ni wa wanyama. Lakini Amblyomma yuleyule anayemletea mbuzi wako maji moyo anaweza kukuletea wewe *Rickettsia africae*. Ukimlinda mnyama unajilinda.

Amitrazi, dawa ya kuulia kupe wa mifugo, ikiwa ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, yaani mililita 20 kwenye ndoo ya lita 10. Soma kibandiko, maana nguvu ya chupa hutofautiana. Ng'ombe mzima anahitaji lita 5 hadi 10. Wengi humnyunyizia mgongo unaong'aa kwa lita mbili na kudhani wamemaliza, kumbe kupe wako ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele, kinena na katikati ya kwato. Ukipunguza dawa ili iende mbali, unawaacha hai wale wagumu, na kizazi kijacho hakitasikia. Usinyunyizie farasi wala punda. Vaa glavu na buti, simama upande unakotoka upepo, na usioshe bomba mtoni wala ziwani.

Anayetoa kupe kwa mkono awadondoshe kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Ukirudi kutoka malishoni vua nguo nje, ujikague kinena, kwapa, nyuma ya magoti, kitovu, nyuma ya masikio. Suruali ndani ya soksi inaonekana ya ajabu, lakini inafanya kazi.

Nyama, maziwa na mashanza vina hatari?

Nyama iliyoiva haina shida. Maziwa mabichi yana shida, na mashanza (maziwa ya mgando) ya maziwa yasiyochemshwa pia: uchachu hauaminiki kuua Coxiella wala Brucella, bakteria mwingine wa maziwa mabichi. Chemsha kwanza, yakishaumuka endelea kukoroga dakika chache, yaache yapoe, ndipo ugandishe.

Hatari kubwa ya Coxiella iko zizini siku ya kuzaa. Kondo la mbuzi aliyeambukizwa lina bakteria wengi mno, na likikauka vumbi lake hubaki na uhai kwa miezi. Usilishike kwa mikono mitupu, usimtupie mbwa. Lichome au lizike kwa kina. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wasimzalishe mnyama, kwa kuwa homa ya Q inaweza kuharibu mimba, na kwa moyo wenye vali mbovu inaweza kujificha na kuutafuna kwa muda mrefu.

Kupe wa mbwa je?

Huyu anaishi na kuzaliana ndani ya nyumba na banda, kwenye nyufa za ukuta. Mtibu mbwa na banda siku moja. Ukitibu mmoja tu, mwingine humrudishia. Watoto wasilale naye.

Mtu ana homa na anatoka damu baada ya kushika kupe au kuchinja.

Hiyo ni dharura. Inaweza kuwa homa ya Kongo na Crimea, ambayo ni virusi, si bakteria. Kongo iliigundua mwaka 1956 kwa mgonjwa wa Kisangani. Doksisiklini haiitibu. Usiguse damu wala matapishi yake, mtenge, na uijulishe zoni ya afya mara moja.

Kuna chanjo? Na nikishapona, nimekingwa?

Hakuna chanjo ya homa ya papasi wala ya homa yenye kidonda cheusi. Kinga inayobaki baada ya homa ya papasi ni hafifu na inafifia. Aliyetibiwa vizuri na kurudi kulala kwenye mkeka uleule, kwenye chumba kilekile ambacho hakijakandikwa, anaweza kuugua upya mwaka huohuo.